24 Machi 2019: miili ilikuwa Taifa, masikio yalikuwa Praia

KitiChaJuu

Wakuu, heshima kwenu.

Jana kijiweni dogo mmoja, mzaliwa wa 2006, kaniambia kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, siku hizi si habari. "Si tunaendaga kila mara?" Nikamtazama, nikaagiza kahawa nyingine. Simlaumu. Ameanza kufuatilia mpira Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ikafuzu ile ya Ivory Coast, ikafuzu ya Morocco, na 2027 tuna nafasi yetu kama wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Miaka 39 ya kukaa bila kufuzu utaanzia wapi kumweleza?

Nimeona niandike kuhusu Jumapili ile kabla sijaanza kuchanganya mambo. Na kuna kitu kinanikera. Kila wakikumbushia siku ile wanarusha mabao matatu, Msuva, Nyoni, Aggrey Morris, watu wanalia jukwaani, kwisha habari. Utadhani tulifuzu kwa kumpiga Mganda tatu. Mabao mawili kati ya yale hayakuwa na kazi yoyote kwenye msimamo. Mimi nilikuwa ndani ya Uwanja wa Taifa, nililijua hilo, ndiyo maana bao la tatu sikulishangilia. Nilikuwa nimekodolea simu.

Turudi nyuma. Kufuzu AFCON ya 2019 kule Misri, Kundi L: Uganda, Cape Verde, Lesotho na sisi. Mechi ya kwanza Juni 2017, Chamazi hapa Dar, timu ikiwa chini ya kocha Salum Mayanga. Tunacheza na Lesotho. Samatta akapiga faulo ikaenda moja kwa moja wavuni, watu tukaanza kugawana pointi tatu. Hazikupita dakika nyingi Thapelo Tale akasawazisha. 1-1, mpira ukaisha hivyo. Tulitoka tunasema "aah, pointi mbili tu hizo, zitarudi". Wee! Zile pointi mbili zilitufuata kama mkopo wa kausha damu.

Bahati yetu ikaja mwezi uliofuata, na haikutokea uwanjani. Julai 2017 CAF, shirikisho la soka Afrika, walikaa Rabat wakaamua fainali ziwe za timu 24 badala ya 16. Kabla ya hapo mwenye uhakika alikuwa kinara wa kundi, wa pili anabaki kupiga ramli za washindi wa pili bora. Baada ya hapo wawili wa juu wote wanapanda ndege. Ukiniuliza nani mchezaji wetu bora wa kampeni ile nitakwambia kile kikao cha Rabat, na sitanii.

2018 akaja kocha Amunike. Septemba tukaenda Namboole kwa Waganda tukatoka 0-0. Oktoba tukaenda Praia, mji mkuu wa Cape Verde, tukala tatu kavu. Siku nne baadaye Cape Verde haohao wakaja Dar, tukawapiga 2-0, Msuva na Samatta. Halafu Novemba tukapanda milimani Maseru.

Maseru ndiyo mechi ambayo watu wameifuta kichwani. Jana yake Uganda alikuwa amemfunga Cape Verde 1-0 na kufuzu. Kwa hiyo sisi tungeshinda pale tungefikisha pointi 8 na hakuna wa kutugusa, mechi ya Machi tungeicheza kama bonanza. Tukafungwa 1-0. Na Lesotho! Nilikaa kwenye kochi mpaka matangazo ya biashara yakaisha yakaanza mengine.

Basi tukaingia siku ya mwisho hivi: Uganda 13, Lesotho 5, sisi 5, Cape Verde 4. Sisi na Uganda Dar, Lesotho ugenini Praia, mechi zote mbili muda mmoja.

Sasa hapa ndipo penye uzi. Kwenye mashindano haya ya kufuzu, mkilingana pointi CAF hawaanzi na tofauti ya mabao. Wanaanza na ninyi kwa ninyi, yaani mechi mlizocheza wenyewe kwa wenyewe. Sisi na Lesotho: 1-1 Chamazi, 0-1 Maseru. Ametuzidi. Maana yake hata ungemfunga Mganda kumi, Lesotho akishinda Praia kwa bao la mkono dakika ya 90, yeye ndiye anakwenda Misri. Na sare ilikuwa haitufai kabisa. Tushinde, na Lesotho asishinde. Vyote viwili. Kimoja kiko mbele ya macho yako, kingine kiko kisiwani katikati ya Atlantiki.

Nilikaa jukwaa la mzunguko, juu kabisa. Kushoto kwangu alikuwepo baba mmoja wa makamo, kavaa jezi ya Stars ya enzi za kocha Maximo, imefubaa mpaka bluu yake imekuwa kama ya maji ya nguo. Kulia vijana wanne wa Tandika na vuvuzela moja wanapokezana. Nilikuwa nimepatana na mdogo wangu aliyebaki Tabata: kila dakika kumi nitumie SMS, andika dakika na matokeo ya Praia, usiandike kitu kingine. Nilijua intaneti ya uwanjani siku kama ile, inazunguka tu kama feni.

Dakika ya 21 Msuva akafunga. Sitaeleza kelele. Baba wa jezi ya Maximo alinikumbatia na hatujajuana majina hadi leo. Mapumziko 1-0. SMS ya mwisho ilikuwa imesema 0-0. Nikanunua maji.

Kipindi cha pili kimeanza tu, penalti. Nyoni. 2-0. Kabla watu hawajakaa, dakika ya 57, Morris. 3-0. Uwanja ukapanda wazimu. "Nne! Nne! Nne!" Baba akaniinamia sikioni: "Leo kumi, mwanangu, wakatusimulie Kampala!"

Nikamwambia, "Mzee, hata kumi hazitusaidii."

Alinitazama kama nimetoka Entebbe asubuhi hiyo. Ikabidi nimhesabie kwa vidole, hii Chamazi, hii Maseru, hapa sisi, hapa wao. Nilimwona inavyomwingia. Akavua kofia, akakaa, katikati ya watu waliosimama, akauliza taratibu: "Sasa huko Praia vipi?"

Vijana wa Tandika wakasikia. Vuvuzela ikanyamaza. Mstari wa chini yetu wakageuka. Ndani ya dakika tano simu yangu haikuwa yangu tena, ilikuwa mali ya umma. Mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza ananiuliza "chaji unayo?" kwa sauti ya mkwe.

Ikaingia: "Dk 60 0-0." Tukapumua. Ikaingia tena: "Dk 60 0-0." Ileile, mtandao umeirudia. Wengine wakadhani ni mpya, wakaanza kusema saa ya dogo imesimama. Halafu kimya. Dakika ya 70 kimya. Ya 75 kimya. Uwanjani Waganda wanapiga pasi zao na hakuna mtu kwenye mstari wetu anayeangalia.

Dakika ya 80 na ushee simu ikatetema. Nikafungua. Neno moja.

"Bado."

Jamani. Bado nini? Bado hawajafungana? Bado hawajamaliza? Bado tuko hai? Mstari ukagawanyika pande mbili. Kijana wa vuvuzela akasema "bado" maana yake mambo hayajabadilika, kwa hiyo 0-0. Baba akasema hapana, mtu mwenye habari njema haandiki neno moja. Nikajaribu kupiga, haitoki. Nikatuma "Bado nini???" ikakwama na ile alama nyekundu.

Filimbi ikalia kwetu, tumeshinda 3-0, na mimi sijui kama tumefuzu. Nimekaa na baba wa watu tumeshikana mikono kama tuko wodini. Kisha kelele ikaanzia jukwaa la upande wa pili, siyo kelele ya bao, ni nyingine, ikazunguka uwanja mzima kama moto wa nyasi mpaka ikatufikia. Praia imeisha. 0-0.

Kwa hiyo mimi nasema tulifuzu kwa suluhu mbili: ile ya Praia ambayo hatukucheza, na ile ya Namboole ambayo hakuna anayeikumbuka. Pointi moja ya Namboole ndiyo iliyotuvusha. Nipingeni.

Na ninyi mlikuwa wapi siku ile?

---

MboganaUgali

Kambi imewekwa, mkeka na chai viko tayari.

Mimi nilikuwa mwendokasi. Basi zima linasikiliza simu ya konda... samahani, mwendokasi haina konda, ilikuwa ya abiria mmoja. Bao la Nyoni lilipoingia dereva akapiga honi Kimara mpaka Ubungo.

---

KarataYaHesabu

KitiChaJuu mkuu, uzi mtamu ila hesabu yako ya Namboole inavuja.

Toa ile pointi moja ya Namboole. Tunabaki na 7. Lesotho alimaliza na 6, Cape Verde 5. Bado sisi ni wa pili. Namboole ilikuwa bonasi.

Mechi iliyotupeleka Misri ni ya tarehe 16 Oktoba 2018, ile 2-0 na Cape Verde ambayo umeipitia kwa nusu sentensi. Jaribu kuifanya sare. Sisi 6, Lesotho 6, Cape Verde naye anapata 6. Timu tatu zimelingana, unarudi kwenye mechi za watatu hao tu: Lesotho ana 6, Cape Verde 6, sisi tuna 2. Tunashika mkia. Kwaheri Misri.

Siku nne tu baada ya kula tatu kavu kwao, usafiri wa kutoka Praia mpaka Dar unaujua ulivyo, timu imechoka, kocha ameanza kusemwa, halafu mnaamka mnampiga yuleyule 2-0. Ile ndiyo mechi. Na siku ile uwanjani hapakuwa na watu wa kushikana mikono.

---

KitiChaJuu

Nimechukua karatasi nimepiga mwenyewe. Uko sahihi. Miaka yote nimekuwa nikiitetea Namboole vijiweni na kuna mtu nilimnyima salamu kwa ajili yake.

Nafuta kauli. 16 Oktoba.

---

Kasarani_Juu

Wabongo kwa hadithi hamjambo, hiyo nawapea.

Lakini tuambiane ukweli. Uganda walikuwa wamefuzu tangu Novemba. Mechi tano hawajafungwa bao hata moja. Hata moja! Halafu wanakuja Dar kwa jirani wanakula tatu ndani ya saa moja? Mlifunguliwa mlango, mkakaribishwa na chai. Kisha kwenye AFCON yenyewe mkaja Cairo mkakutana na sisi Wakenya, watu hawana undugu. 3-2. Mlitangulia mara mbili na bado tukawarudisha. Olunga, straika wetu, mnamkumbuka ama niwakumbushe?

---

MboganaUgali

Kasarani_Juu kaka yangu, wewe wa kusema watu wamefunguliwa mlango?

Kufuzu hukohuko, Kundi F: Ghana, Ethiopia, Sierra Leone, Kenya. Mechi yenu ya kwanza Freetown Juni 2017 mlifungwa 2-1. Iko wapi hiyo mechi? Imefutwa! FIFA wakawafungia Sierra Leone, mechi zao zote zikaondolewa, kipigo chenu kikaoshwa kikawa cheupe pee. Kundi likabaki la timu tatu na mbili zinafuzu. Hata daladala ya Gongo la Mboto asubuhi ina ushindani kuliko hilo.

---

Kasarani_Juu

Hehe, hiyo ya Freetown nilijua itakuja tu.

Sawa, lakini Ghana tuliwafunga 1-0 Kasarani na hiyo haikufutwa. Nilikuwa hapo. Bao la kujifunga, ndiyo, wacha kucheka, bao ni bao. Ethiopia tukawapiga tatu. Hatukuketi tukingoja SMS ya mtu.

Na sijasema mlinunua mechi. Nasema mtu ameshapata tikiti hachezi kama mtu anaitafuta. Hiyo ni binadamu.

---

Ssebo_Mbagala

Mimi ni Mganda, naishi huku tangu 2014, naomba niseme neno langu hapa.

Hatukuwaachia. Tulifungwa. Kuna tofauti. Timu iliyofuzu inapunguza mwendo kidogo, kweli, sikatai. Lakini hakuna Mganda aliyefurahia rekodi ile kuvunjika, tena Dar, tena na ninyi. Nilikaa nyuma ya goli na jezi yangu ndani ya koti, joto lote lile la Machi. Bao la tatu lilipoingia jamaa wa pembeni akaniambia "kaka mbona hushangilii?" Nikamwambia naumwa meno.

Na mlivyotulipa wema wetu tumeona. 2023 uwanja wetu haujakidhi viwango vya CAF, mechi ya nyumbani tunachezea Ismailia, Misri, Msuva anakuja anatufunga hukohuko. Mwisho wa kundi ninyi 8, sisi 7. Huyo Msuva ana nini na Uganda?

---

KarataYaHesabu

Ssebo, umenikumbusha. Angalia hiyo namba: 2019 tulifuzu na pointi 8, 2023 tukafuzu na pointi 8. Nane ni namba ya Watanzania.

Na ile ya 2023 ndiyo ilikuwa ya kuua kwa presha. Mechi ya mwisho tuko Annaba na Algeria, Septemba. Tungefungwa hata 1-0 tungelingana na Uganda kwa pointi 7. Ninyi kwa ninyi haitoi jibu: sisi tuliwafunga 1-0 Ismailia, wao wakatufunga 1-0 Dar. Unaenda kwenye tofauti ya mabao, pale Uganda anatuzidi kwa bao moja. Tuko ugenini, sisi tunalinda suluhu. 0-0. Watu walisema timu imecheza mpira mbaya. Mpira mbaya? Ile ilikuwa kazi ya mikono ya fundi.

KitiChaJuu kama unatafuta suluhu iliyotuvusha, ni ya Annaba. Ya Namboole iache ipumzike.

---

BintiWete

Assalaam aleikum nyote.

KitiChaJuu, kile kikao chako cha Rabat unachokisifu, siku hizohizo na palepale Rabat, ndipo CAF walipotuvua Zanzibar uanachama. Machi 2017 wametupokea, watu wamepiga ngoma, Julai wakasema ilikuwa makosa. Miezi minne. Sisi tungekuwa na kundi letu wenyewe la kufuzu, timu yetu ya Zanzibar Heroes inakwenda kucheza ugenini Afrika Magharibi, wanafungwa, wanashinda, yetu wenyewe. Mwenzetu unakunywa kahawa unasema mchezaji bora wa kampeni ni kikao. Kwetu kikao hichohicho kilikuwa msiba.

Halafu bao la tatu, hilo ulosema halina kazi na hukulishangilia. Aggrey Morris huyo, aliyevaa pia jezi ya Zanzibar Heroes. Wete tulilishangilia sisi. Tulikuwa maskani, televisheni moja, nyaya imefungwa kwa kamba ya mwanaserere, bao likaingia bibi yangu akatoka nje na upawa mkononi akidhani wezi.

Basi nataka radhi hapa hapa.

---

KitiChaJuu

Dada, nimekoma. Bao la Morris nalishangilia leo, nimesimama sebuleni, mke wangu ananiuliza kuna nini.

Na la Rabat sikulijua kwa upande huo. Yaani nilijua walivuliwa, ila sikuwahi kuziweka tarehe pamoja.

---

Ndola79

Vijana, nawasoma tangu asubuhi.

Mnahesabu pointi, mnahesabu ninyi kwa ninyi, mnagawa suluhu kama karanga. Mwaka 1979 hapakuwa na kundi. Mechi mbili, nyumbani na ugenini, aliyeshindwa anarudi shambani. Fainali za 1980 Lagos zilikuwa za timu nane. Nigeria mwenyeji, Ghana bingwa mtetezi, hao wawili hawagombei. Zimebaki nafasi sita kwa Afrika nzima. Leo mnafuzu ishirini na nne mnaita miujiza.

Zambia tuliwafunga 1-0 hapa Dar. Tukaenda kwao Ndola. Mimi nilikuwa kijana nasoma ufundi, Morogoro. Redio ilikuwa moja bwenini, ya mkubwa wetu mmoja, na alikuwa na tabia ya kuizima kidogo ili betri zisiishe halafu anaiwasha tena. Zambia wakatangulia. Akazima! Tulimbembeleza. Alipowasha, ilikuwa kelele tu, hatuelewi nani kafunga, mtangazaji anapiga yowe. Ni Peter Tino amesawazisha. 1-1. Tumekwenda Lagos.

Ndiyo maana huyo kijana na SMS yake ya "Bado" nimemwelewa sana. Tofauti ni kwamba mimi ya kwangu ilizimwa na binadamu.

---

MboganaUgali

Shikamoo mzee wangu.

Huyo mwenye redio mlimwacha salama kweli?

---

Ndola79

Marahaba.

Alikuja kuwa mwalimu mkuu. Hasira zake zilibaki vilevile.

---

Intamba_Buja

Bandugu za Tanzania na Kenya, mnaongea kama tarehe 24 ndiyo ilikuwa siku kubwa. Siku kubwa ilikuwa tarehe 23.

Uwanja wa Prince Louis Rwagasore, Bujumbura, Burundi na Gabon. Gabon wako na Aubameyang, sisi tunatafuta sare tu. Sare inatupeleka AFCON mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Dakika ya 76 Cédric Amissi anafunga, watu wanalia. Dakika ya 82 tunajifunga wenyewe. 1-1. Kutoka hapo mpaka mwisho hakuna mtu alikuwa na damu mwilini. Watu wazima wamegeuka nyuma wanaangalia ukuta. Mimi niliangalia ukuta. Ninaweza kukuambia ule ukuta una nyufa ngapi.

Na hatukufungwa mechi hata moja kwenye lile kundi, na Mali alikuwemo. Mbili tulishinda, nne sare. Hesabu zetu hazikumngoja mtu wa Praia.

---

Kasarani_Juu

Intamba, heshima. Hiyo sare ya Buja niliitazama. Mlistahili.

Mkaenda Misri mkafunga mangapi?

---

Intamba_Buja

Tulikuwa tunazungumzia kufuzu, mzee. Usiharibu uzi wa watu.

---

MjukuuWaKilwa

Nimechelewa. Kuna mtu anazungumzia Nyoni hapa au mnampita tu?

Juni 2007 Stars iko Ouagadougou, kufuzu AFCON ya 2008, enzi hizo za jezi ya yule baba. Nyoni kijana mbichi anafunga, tunamfunga Burkina Faso 1-0 kwake. Nchi nzima ikaamini tunakwenda Ghana. Septemba Msumbiji wakaja Dar wakatufunga 1-0, ndoto ikafa palepale mbele ya macho yetu. Nilikuwa uwanjani nikatoka na viatu mkononi, sikumbuki kwa nini.

Miaka 12 baadaye, penalti, uwanja umejaa, nani anachukua mpira? Yuleyule. Mtu aliyewahi kuiona ndoto hii ikifa anakwenda kuisimamisha kwenye nukta nyeupe. Mimi sikuangalia Praia, sikuangalia msimamo. Nilimwangalia anavyouweka mpira chini, anausogeza kidogo, anausogeza tena.

---

KarataYaHesabu

Mjukuu, hilo sina hesabu yake.

---

Ssebo_Mbagala

Mimi nilikuwa nyuma ya goli lilelile. Meno yalianza kuuma hapo.

---

MboganaUgali

Sasa tumalize kiporo. KitiChaJuu, ile SMS ya "Bado" dogo alimaanisha nini? Mstari mzima wa mzunguko bado unasubiri jibu. Na baba wa jezi ya Maximo uliwahi kumwona tena?

---

KitiChaJuu

Baba sikumwona tena. Tulipotoka umati ulitutenganisha kwenye ngazi, nikaiona ile jezi kwa mbali inaelekea upande wa Chang'ombe, halafu ikapotea. Namba yake sikuchukua, nilikuwa nimebakiwa na chaji asilimia mbili na nilikuwa nampigia dogo.

Dogo nilimkuta amelala. Nikamwamsha. Nikamuuliza, "Bado nini?"

Akasema umeme ulikatika Tabata dakika ya 65. Alitoka nje kutafuta mtu mwenye redio, akakuta jirani naye anatafuta. Akaona nitakuwa na wasiwasi, akanitumia ujumbe kwamba umeme bado haujarudi. Akaishiwa salio katikati.